Senene wetu na vibarua wa Jinja

Ikifika Novemba pale Bukoba, mtu mzima na heshima zake anakesha nje akilinda taa. Siyo taa ya kusomea, ni ya senene! Balbu kali inawashwa, mabati yanasimamishwa, mapipa yanategwa chini, wadudu wanajileta wenyewe. Asubuhi, biashara sokoni. Sasa leo nawauliza watoto wa Kashai, Hamugembe na Muleba mjini: huo umeme mlishajiuliza asili yake?

Usiniambie Tanesco. Tanesco ni mwenye duka tu. Kagera ilikuwa mbali na gridi ya taifa, kwa hiyo miaka ya 1990 tukavutiwa waya kutoka Masaka, Uganda, ukaingilia Kyaka. Na enzi hizo karibu umeme wote wa Uganda ulitoka sehemu moja: bwawa la Owen Falls, Jinja, pale Nile inapotoka ndani ya ziwa hilihili tunaloogelea sisi.

Bwawa lile halikujengwa kwa maombi, wajameni. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Aprili 29, 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza akaja mwenyewe kulifungua. Picha zilipigwa, hotuba zikasomwa. Lakini waliobeba zege walikuwa vibarua: Wasoga wenyeji, Wajaluo kutoka Kenya, Waacholi, watu wa West Nile. Wote hao walale wapi?

Ndipo ikajengwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, mashariki ya mji. Vijumba vimepangwa mistari kama askari kwenye gwaride, chumba ni cha kuhesabu hatua. Mzungu alikuwa na upande wake wenye bustani, Mhindi yuko barabara kuu na duka lake, mwenye sururu yuko Walukuba. Kabila lilikuwa kila mlango na lake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowasalimisha watu bombani.

Umeme ulipopatikana, viwanda vikafuata: nguo za Nytil, kuyeyusha shaba ya Kilembe. Jinja ikawa mjini kweli, kijana akipata kazi pale anarudi kijijini na baiskeli na redio.

Raha haikudumu. Mwaka 1970 serikali ya Obote ikawatimua wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, viwanda vikaanza kukohoa, vingine vikanyamaza kabisa. Bwawa likabaki linazunguka, leo linaitwa Nalubaale, lakini mtu aliyeshinda miaka ishirini kazini aliambiwa afungashe.

Hapo mimi ndipo ninapowasifu wazee wetu wa Kihaya. Mhaya akienda kutafuta maisha Kampala au Jinja, nyuma ameacha kibanja. Migomba na mibuni inamsubiri. Vijana wa leo tunakicheka kibanja, tunasema ni ushamba, tunataka chumba cha kupanga chenye kapeti. Haya, nyumba inayokuja na kazi huondoka na kazi. Waulize waliofungashwa Jinja.

Na msidhani mambo ya Jinja yako mbali. Lile bwawa ndiyo koki ya ziwa lote. Miaka ya 2004 hadi 2006, ukame ukichangia na maji mengi kuachiliwa, ziwa lilishuka mpaka fukwe zikakimbia. Mei 2020 mvua zikalijaza likavunja rekodi ya 1964. Mvuvi wa Bumbire na Ikuza hajawahi kuiona Jinja, lakini mtumbwi wake unaijua.

Sasa na sisi tuna letu: Rusumo, kule Ngara, megawati 80 za kugawana na Rwanda na Burundi, lililoanza kuzalisha 2023. Wakubwa wameshapigwa picha. Mimi nataka kujua waliochimba mwamba wanalala wapi leo, na kama taa zinawaka kwao.

Haya, senene wakija niitieni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.