Mtoto wako aliye mbali anakunywa chai na nani?



Tangu tulipoanza kuwaandikia kutoka Guangzhou, kusini mwa China, swali linalotufikia mara nyingi ni la mshahara. La pili ni la chakula. Juma hili tunaomba kujibu swali ambalo bado hamjatuuliza: kazi ikiisha, tunaishi na nani?

Sisi ni walimu wawili, wote wa ISP. Tunafundisha Kifaransa na tunapanga nyumba moja. Masomo yanaisha saa kumi na moja. Kutoka hapo mpaka usingizi kuna saa nyingi, na saa hizo ndizo zinazomlemea mgeni. Darasani wanakuita mwalimu. Ukitoka nje, huwezi hata kusoma jina la duka. Mwanzoni kila kitu ni kipya, unapiga picha na kuzituma nyumbani. Upweke unakuja nyuma, wakati mji umekuwa wa kawaida na bado hakuna anayekujua.

Kilichotusaidia ni kuwa na siku na mahali pa kutoka, tena bila franga nyingi. Tiketi ya metro inaanzia yuani 2. Bustani ya Yuexiu, yenye sanamu ya jiwe ya mbuzi watano ambao ni alama ya mji, haina malipo ya kuingia. Na jioni, karibu kila uwanja, wamama wanapanga mistari, wanafungua muziki na kucheza pamoja. Wengi wao wamestaafu. Kwa miaka mingi sheria ya China ilimruhusu mwanamke wa kiwandani kustaafu akiwa na miaka 50, na wa ofisini 55. Tangu 2025 umri huo unapandishwa polepole. Mchana wanapika na kulea wajukuu. Jioni ni saa yao, na nyumbani wote wanajua hivyo.

Tulisimama mstari wa nyuma, tukafuata miguu ya walio mbele. Siku ya tatu mama mmoja alitushika mkono, akatusogeza katikati.

Siku ya posho asubuhi wenyeji wanaenda kunywa chai, wao wanasema yum cha. Familia nzima, wazee na watoto, wanazunguka meza moja, na vyakula vilivyopikwa kwa mvuke vinaletwa katika vikapu vidogo vya mianzi. Kabla ya kula wanasuuza vikombe na bakuli kwa chai ya moto. Anayemimina anaanza na wengine, yeye anajiwekea mwisho. Anayemiminiwa anagonga meza kwa vidole viwili, polepole. Hiyo ndiyo asante. Tena, jirani akikukuta kwenye ngazi anaweza kukusalimia kwa kuuliza kama umekula. Hakupi chakula, anakujulia hali. Wamama wa Kivu, hilo si geni kwetu.

Uwanjani tulifahamiana na mama anayefagia mtaa wetu. Anatoka mkoa wa Hunan. Mtoto wake wa kiume analelewa na tate yake kijijini, kwa sababu karatasi za makazi za familia ni za kule, na kumwingiza masomoni mjini ni vigumu. Wanaonana kwenye Mwaka Mpya wa Kichina, basi. Mmoja wetu naye ameacha binti wa miaka sita kwa mama yake Bukavu. Tulionyeshana picha kwenye simu. Yule mama akagusa meno yake ya mbele, kisha akatikisa kichwa. Tukaelewa: meno ya mtoto wake yalianguka na kuota tena yeye akiwa hayupo. Tangu siku ile anatutafuta kwa macho kila jioni, na tukikosa kufika anauliza.

Sasa, ninyi wenye watoto ugenini, tunawaomba mambo matatu.

La kwanza: China, WhatsApp haifunguki kama kwetu. Mtoto akikaa kimya siku tatu, msiseme amepata majivuno. Wekeni WeChat kwenye simu moja ya nyumba.

La pili: angalieni saa. Guangzhou iko mbele ya Bukavu kwa saa sita. Kwenu ikiwa saa nane mchana, kwetu ni saa mbili usiku, kazi imekwisha. Mkipiga saa mbili usiku ya kwenu, mnatuamsha saa nane ya usiku.

La tatu ndilo kubwa. Kabla ya kutaja mchango wa matanga au zamu ya likelemba, muulizeni: unakunywa chai na nani? Akitaja majina, tulieni. Akisema kila juma "niko salama tu," bila jina hata moja, mpigieni tena kesho yake. Mpeni habari ndogo: nani amezaa, sombe ni bei gani, mvua imenyesha namna gani. Mtu asiye na wa kuongea naye anajifungia ndani, ao anamwamini wa kwanza anayemchekea. Kwa binti aliye peke yake, hiyo ni hatari kuliko njaa.

Na vikundi vyetu visisahau wageni walio karibu. Katika mtaa wenu kuna mwanamke aliyekimbia vita, amefika na watoto na mzigo mmoja. Atakuja kwenye mkutano na kukaa nyuma, karibu na mlango. Msingoje azoee mwenyewe. Mmoja wenu asimame, amshike mkono, amketishe katikati.

Juma lijalo tutawaeleza bahasha nyekundu za Mwaka Mpya: nani anatoa, nani anapokea, na kwa nini ualimu peke yake haukuponyeshi kutoa. Mubaki salama.