Siri ya Ofisi na Faida ya Nafsi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme na wanachama wenzangu, hasa wale wa Tarime na Serengeti, juu ya jambo ambalo kila karani analijua, lakini ni wachache walitajao mbele ya watu.

Wote twajua ya kuwa Butiama pamewekwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Jambo hili ni la kushukuriwa. Zamani kijana wa kwetu aliyetaka kazi ya chuo kikuu alikwenda Dar es Salaam au Morogoro, akakaa mbali na jamaa zake. Sasa mtu wa Tarime huvuka Mto Mara akafika, na mtu wa Mugumu hushika njia ya magharibi akafika. Chuo kimekuja karibu na mlango wetu. Na jamaa zetu nao wamekuja karibu na mlango wa chuo. Hapo ndipo lilipo shauri langu.

Mtumishi wa chuo kikuu, awe mwalimu, karani, mtunza fedha au mpimaji wa maabara, ana vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni siri: karatasi za mtihani kabla ya siku yake, alama kabla hazijathibitishwa, ugonjwa wa mwanafunzi, majina ya walioomba kazi, bei walizoandika wenye kuomba zabuni. Cha pili ni faida yake mwenyewe: mpwa wake anayetaka nafasi, duka la mkewe linalouza vifaa, malipo anayopewa na kampuni kwa ushauri wake. Siri si mali yake, ameazimwa tu na wenyewe. Faida ni yake. Basi iliyo haki ni kuificha ile ya kwanza na kuitangaza hii ya pili. Walakini wengi wetu twafanya kinyume: siri za watu twazitoa, na faida zetu twazificha.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na doa. Nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja, nilipewa kupiga chapa majina ya watu walioitwa kufanyiwa usaili. Usiku ule baba yangu mdogo alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai, kisha akaniambia, "Mura, sikuombi fedha. Nataka tu kujua kama mtoto wa dada yako yumo." Nikamwambia, "Yumo, baba." Nilidhani nimesema neno moja dogo. Kumbe baada ya siku tatu kijiji kizima kilijua yumo nani na hayumo nani. Yule mtoto wa dada yangu alishinda kwa akili yake mwenyewe, lakini hata leo watu husema aliingizwa na mjomba wake. Neno langu moja lilimwibia heshima aliyoifanyia kazi. Na aliyekosa nafasi ile alikuwa na kisingizio cha kweli cha kunichukia.

Tazameni, ndugu zangu, makosa yangu yalikuwa mawili. Nilitoa siri, na tena sikumwambia mkubwa wangu ya kuwa katika karatasi ile lilikuwamo jina la mtu wa damu yangu. Kama ningalimwambia, karatasi angalipewa karani mwingine, na mambo yangalikwisha. Kuwa na jamaa si kosa. Katika wilaya zetu nani asiye na jamaa? Kosa ni kukaa kimya na kalamu mkononi.

Watu wengine hudhani ya kwamba mambo haya ya siri na matangazo ni desturi za kigeni zilizokuja na ofisi. Sivyo. Wakurya wana wazee wa inchama, ambao mashauri yao hayatoki nje ya kikao. Tena wana iritongo, mkutano wa watu wote, ambapo neno husemwa waziwazi na kila mtu akasikia. Wazee wetu hawakuchanganya mambo hayo mawili. Walijua lipo neno la kufungwa kinywani na lipo neno la kusimama nalo mbele za watu. Chuo kikuu nacho chahitaji yote mawili: siri za watu zikae penye inchama, na faida za watumishi zisemwe penye iritongo.

Sasa nataka kuonyesha kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko nafasi ya mpwa. Katika wilaya ya Tarime, upande wa Nyamongo, umo mgodi wa dhahabu wa North Mara, na karibu yake wapita mto Tigithe unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Mwaka 2009, baada ya maji ya mgodi kuvuja, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norwei walipima udongo na maji ya mahali pale. Matokeo yao yalibishaniwa sana. Tena mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikatoa jibu kwamba sababu ilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza hewa ndani ya maji. Watu wengi hawakusadiki. Wengine walicheka, wengine walikasirika.

Mimi si mpimaji wa maji, wala sina neno juu ya mtu yeyote katika kamati ile au katika watafiti wa 2009. Nasema hili tu: mama anayechota maji mtoni hawezi kusoma hesabu za maabara. Kitu pekee anachoweza kupima ni mtu aliyezileta. Atauliza, "Huyu analipwa na nani? Amewahi kula wapi?" Asipojibiwa mapema, atajijibu mwenyewe, na jibu lake litakuwa baya. Hapo hata kweli iliyopimwa vema hutupwa pamoja na uongo. Laiti ingekuwa desturi kwamba kila msomi aitwaye kupima maji, udongo au hasara ya watu, aseme kwanza mbele ya wote ni nani waliopata kumlipa katika miaka iliyopita! Mwenye uhusiano akae pembeni. Asiye nao apime kwa amani.

Najua kuna mtu atakayejibu, "Mkataba wangu na kampuni ni wa siri." Nami namwambia: kampuni ina haki ya kufichiwa ufundi wake, lakini haina haki ya kufichiwa sumu, wala wewe huna haki ya kuficha kwamba inakulipa. Siri imewekwa kumlinda mtu aliyekuamini. Haikuwekwa kufunika kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalinda habari za mtu asizozitoa kwa ulimwengu. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yawataka viongozi watangaze mali zao. Sheria hizo mbili hazipigani. Moja yafunga mlango wa chumba cha mwenzako, nyingine yafungua mlango wa ghala lako.

Basi nasaha zangu ni tatu. Kwanza, kila kikao cha ajira, mitihani au zabuni kianze kwa swali moja: "Nani ana mtu au faida katika jambo hili?" Jibu liandikwe katika kumbukumbu, na aliyejibu atoke nje. Pili, karatasi za siri zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudi, na kila mkono uliozishika uandikwe. Tatu, tuwafundishe jamaa zetu. Tuwaambie bila haya, "Baba, hilo siwezi kulisema." Watanuna msimu mmoja. Lakini siku mtoto wao atakapofaulu, hakuna atakayesema ameingizwa.

Makarani waliotutangulia walijenga heshima ya kalamu ya Mwafrika katika nchi hii wakati wengi walipodhani haiwezi kuaminiwa. Tusiiuze heshima hiyo kwa kikombe cha chai.

Wasalaam,
Mimi karani mwenzenu.