Muungano Upimwe Darajani

Wako wasomi wetu wapendao kusema kwamba muungano wa Ulaya ni jambo la marais na mabenki, na kwamba haumhusu mtu wa kawaida. Maneno hayo nayapinga. Atakaye kuupima muungano ule asiende Brussels. Aende Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio kando ya mto Rhine, kisha avuke daraja mpaka Kehl, Ujerumani.

Jimbo la Alsace, ambalo Strasbourg ndio mji wake mkuu, lilihamishwa kutoka dola moja hadi nyingine mara nne kati ya 1871 na 1945. Mtoto aliyezaliwa Mjerumani mwaka 1900 alikuja kuwa Mfaransa, kisha Mjerumani, kisha Mfaransa tena, na nyumba ni ile ile.

Mpaka huo haukulegezwa na hotuba pekee. Mwanzoni mwa 1984 madereva wa malori, walipochoshwa na foleni za forodha, walifunga barabara. Julai mwaka huo Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikakubaliana kupunguza ukaguzi, na tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zikatia sahihi mkataba wa Schengen, ulioanza kutumika 26 Machi 1995. Mwaka 2002 yuro ikaingia mifukoni. Mwaka 2017 tramu ya Strasbourg ikavuka mto hadi Kehl.

Basi mtu hupanga nyumba Kehl akafanya kazi Strasbourg. Mwingine hupanda tramu kwenda kununua sigara kwa bei nafuu. Tangu 2014 ipo nyumba ya kulelea watoto wadogo ambamo wa pande zote mbili hucheza pamoja. Je, haya nayo ni mambo ya marais?

Lakini Machi 2020, kwa hofu ya Korona, Ujerumani iliufunga mpaka, na jamaa wakabaki kila mmoja upande wake. Tarehe 16 Septemba 2024 ikaanza kukagua watu katika mipaka yake yote ya nchi kavu, safari hii kwa ajili ya wahamiaji na usalama. Wataniambia kwamba mwizi naye huvuka. Kweli, huvuka. Ndiyo maana hapo hapo Kehl pana kituo cha pamoja cha polisi na forodha wa nchi zote mbili. Mwizi hukamatwa kwa taarifa, si kwa kumchelewesha muuguzi anayewahi zamu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeamuru ukaguzi yuko Berlin. Anayesimama foleni yuko darajani. Wanachuo wangu wa ualimu nilikuwa nikiwaambia kwamba mstari wa ramani huchorwa kwa dakika moja, ukalipiwa na vizazi. Jirani akizoea tena kutoa kitambulisho ili amwone jirani yake, mkataba utabaki kabatini, wino wake haujafutika, lakini muungano utakuwa umekwisha kufa.