Maniema: Kuanza insulini Kasongo na Kabambare, uamuzi usiosubiri kidonda cha mguu

Kusini mwa jimbo la Maniema, kama sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, neno insulini linatisha. Wagonjwa wengi wa sukari wanalisikia mara ya kwanza siku muganga anapowaambia kwamba vidonge havitoshi tena, au siku wanapoletwa hospitali na kidonda cha mguu kisichopona. Wengine wanamkumbuka jirani aliyeanza sindano akafa wiki chache baadaye, na wanasema sindano ndiyo ilimuua. Mara nyingi jirani huyo alikuwa amechelewa: sukari ilikuwa imekwisha kuharibu figo, macho na mishipa kabla ya sindano ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kuanza insulini au hapana lina pande mbili katika wilaya za Kasongo na Kabambare. Upande wa kwanza ni wa mwili, na waganga wanaujua. Upande wa pili ni wa nyumba na wa njia: dawa itafika kila mwezi? Itawekwa wapi? Nani atapima? Na mgonjwa atakula nini baada ya kujidunga?

Kwa nini vidonge vinachoka

Sukari ya aina ya pili ndiyo inayowapata zaidi watu wazima. Mwili unashindwa kutumia vizuri insulini yake, na polepole kongosho, kiungo kinachoitengeneza, kinachoka. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba hali hiyo inaendelea mwaka hadi mwaka, hata kwa mgonjwa anayetibiwa. Mgonjwa anayehitaji sindano baada ya miaka kumi ya vidonge hakufanya kosa lolote. Ugonjwa wake umetembea.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo kwa nchi zenye uwezo mdogo. Metformini inaanza. Isipotosha, kinaongezwa kidonge cha aina ya gliklazidi au glibenklamidi. Sukari ikikataa kushuka, ndipo inakuja insulini ya kawaida, ile ya bei ndogo kuliko insulini mpya.

Lakini kabla ya kusema vidonge vimeshindwa, kuna swali la kuuliza: je, vilimezwa kweli? Mgonjwa anayenunua dawa za wiki mbili na kukaa wiki mbili bila kitu, kwa kuwa mavuno hayajauzwa, bado hajashindwa na vidonge. Vivyo hivyo kwa yule aliyenunua sokoni dawa zilizokaa juani. Kwake, hatua ya kwanza ni kupata vidonge vizuri, kwa kipimo kamili, kila siku.

Kuna wengine wasioweza kungoja. Mtu anayekonda haraka, anayekunywa maji bila kushiba na kukojoa usiku kucha, anayetapika, au ambaye sukari yake inapita miligramu 300, anahitaji kuonwa na muganga siku hiyohiyo, na mara nyingi insulini. Mama mwenye mimba, mtu anayepasuliwa au mwenye kidonda kikubwa anaweza pia kuihitaji kwa muda. Wengine kati yao wanarudi kwenye vidonge baadaye. Kwa hiyo kuanza sindano si lazima kuwe safari isiyo na kurudi.

Dawa, njia na bei

Kasongo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kindu kwa barabara, na Kabambare iko zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Kasongo. Wakati wa mvua, safari hiyo inahesabiwa kwa siku. Upande wa Salamabila, ambako dhahabu inachimbwa, makundi yenye silaha yamefunga njia mara nyingi. Na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi Januari 2025, mashariki nzima imepoteza mlango mkubwa wa dawa.

Bei nayo ina hesabu yake. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Mtu anayejidunga yuniti 20 kila usiku anatumia 600 kwa mwezi. Kichupa kimoja kinamtosha, maana kikishafunguliwa kwa kawaida hakitumiwi zaidi ya wiki nne. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliahidi mwaka 2020 kuuza kichupa kwa dola zisizozidi 3 katika nchi maskini zaidi duniani. Hiyo ni bei ya kampuni, kabla ya ndege, pikipiki na faida ya kila mikono inayopitia. Ongeza sindano na karatasi za kupimia damu, ambazo mara nyingi zinakula pesa kuliko dawa yenyewe.

Hata sindano ina mtego wake. Insulini nyingi leo ina yuniti 100 kwa mililita, na inataka sindano yenye alama ya 100. Anayetumia sindano ya zamani yenye alama ya 40 akivuta hadi namba 20, anajidunga yuniti 50. Kosa hilo moja linaweza kumuangusha mtu.

Bila frigo inawezekana?

Hofu nyingine ni baridi. Kichupa kisichofunguliwa kinataka nyuzi kati ya 2 na 8, na nyumba nyingi hazina umeme. Lakini kuna habari njema kutoka Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, kisha wakaiweka insulini katika joto la namna ile, kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa wiki nne dawa ilibaki na nguvu.

Kwa maneno mengine, mgonjwa anaweza kuweka nyumbani kichupa anachotumia, ndani ya chungu cha udongo chenye maji, mbali na jua na moto. Vichupa vya akiba ndivyo vinataka frigo. Na frigo hiyo mara nyingi si mbali: chanjo za watoto zinahifadhiwa katika baridi ileile ya nyuzi 2 hadi 8. Kinachokosekana ni zoni ya afya kuamua kwamba insulini nayo ina nafasi yake.

Sahani na mfungo

Hatari kubwa ya insulini ni sukari kushuka mno, chini ya miligramu 70. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine wanadhani amelewa au amerogwa. Dawa yake ya haraka ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mbio. Mkulima anayetoka shambani jioni na kukuta nyungu tupu yuko katika hatari hiyo kuliko mtu wa ofisi. Ndiyo maana waganga wengi wanaanza na kipimo kidogo, yuniti 10 hivi wakati wa kulala, na kukipandisha polepole wakifuata kipimo cha asubuhi.

Katika Kasongo, ambako Waislamu ni wengi, kuna pia swali la Ramadhani. Uchunguzi wa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina ya pili, kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka zaidi ya mara saba wakati wa mfungo. Kurani yenyewe, katika Sura Al-Baqara, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Wataalamu wanashauri kumuona muganga wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi mtukufu. Imamu na muganga wakisema jambo moja, mgonjwa hatakuwa na haja ya kuficha sindano yake.

Nani abebe mzigo

Nchini Kongo, dawa za UKIMWI na kifua kikuu zinatolewa bure kwa msaada wa Mfuko wa Dunia. Mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Septemba 2023 ulianza na uzazi wa bure. Mgonjwa wa sukari bado analipa mwenyewe, kila mwezi, maisha yake yote. Na wengi hawajui hata kwamba wanaumwa: barani Afrika, kulingana na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, zaidi ya watu 7 kwa 10 wenye ugonjwa huu hawajapimwa.

Mgonjwa ambaye vidonge vyake vinaanza kuchoka ana faida ya kuzungumza juu ya insulini mapema, akiwa na nguvu, pamoja na mtu wa nyumbani atakayejifunza kudunga na kutambua dalili za hatari. Na muganga anayeandika sindano bila kuuliza juu ya frigo, chakula na kichupa cha mwezi ujao amefanya nusu ya kazi.

Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1970, Kasongo ilijulikana hadi ng'ambo kwa mradi ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji: vituo vidogo karibu na watu, hospitali moja nyuma yao, na wagonjwa wanaofuatwa kwa kadi. Mafunzo yake yalisaidia kujenga mfumo wa zoni za afya unaotumika leo nchini kote. Kadi, kituo cha karibu na frigo ya pamoja ndivyo mgonjwa wa insulini anavyohitaji, na Kasongo imekwisha kuonyesha mara moja kwamba inaweza.