Mwalimu Nyerere na Ukomo wa Madaraka

Muasisi wa taifa hupimwa kwa mambo mengi, lakini kipimo kimoja ni kigumu kupita vyote: aliachia nini katika katiba ya nchi yake?

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi. Mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Rais mwenye mamlaka makubwa. Mwaka huo huo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila ya kushtakiwa. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikahalalisha mfumo wa chama kimoja, wala haikumpa mwananchi haki za msingi ambazo angeweza kuzidai mahakamani. Mwalimu mwenyewe alipata kukiri kwamba katiba ilimpa uwezo wa kuwa dikteta kama angetaka.

Wapo wasemao kwamba hilo halikudhuru, kwa kuwa mwenye mamlaka alikuwa mwadilifu. Hoja hiyo ina upungufu. Hata katika enzi zake walikuwapo waliokaa kizuizini pasipo hukumu. Tena, uadilifu wa mtu haurithiwi. Yeye huondoka nao, na mamlaka yote humbakia ajaye.

Kwa sababu hiyo, marekebisho ya mwaka 1984 yanastahili kukumbukwa. Mwalimu akiwa bado madarakani, Katiba ya mwaka 1977 ilitiwa haki za msingi, na Rais akawekewa ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka. Baada yake, Marais Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka Ikulu muda wao ulipokwisha, mwaka 1995, 2005 na 2015.

Lawama hazikosekani. Yeye alitawala zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwawekea wenzake kumi, na mahakama hazikuruhusiwa kuzisimamia haki hizo hadi mwaka 1988, alipokwisha ondoka katika urais. Hata hivyo, alikubali kwamba wema wa kiongozi hautoshi kuwa kinga ya wananchi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu aliuziba ufa huo akiwa amechelewa. Sisi majirani, tulioona mfano wake, hatuna udhuru wa kuchelewa.