Mzee asipofuke kwa ajili ya ukope

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini wako wazee miongoni mwetu ambao kadiri wanavyoishi ndivyo wanavyoona machache. Kigubiko cha chini cha jicho kimejikunja kwa ndani, na kope zake zinalikwaruza jicho mchana kutwa. Machozi humtiririka mzee, jicho huwa jekundu, na jua la shambani humchoma. Akilalamika huambiwa, "Huo ni uzee." Kauli hiyo ndiyo inayotupasa kuipinga.

Ni kweli kwamba chanzo ni uzee. Kigubiko cha chini hushikiliwa na kano zilizofungwa pembeni mwa jicho, na huvutwa kwenda chini na utando wake maalumu. Umri unapokwenda, kano hulegea, utando hudhoofika au hubanduka mahali pake, na msuli wa kufumbia jicho hupanda kwenye ukingo wa kigubiko na kuusukuma ndani. Kope zikikwaruza, mzee hufumba jicho kwa nguvu. Na akifumba kwa nguvu, kigubiko huzidi kujikunja. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huchubuka na kupata kidonda. Vijidudu vikiingia hapo, mwisho wake huwa ni kovu jeupe, au jicho kupotea kabisa.

Hata hivyo, jambo kuletwa na uzee si hoja ya kuliacha bila tiba. Mtoto wa jicho naye, mara nyingi, huletwa na uzee, wala hakuna mganga wa macho atakayemwambia mzee akae nao mpaka kaburini. Kwa nini basi kigubiko kihukumiwe tofauti?

Sababu moja ni kwamba tumezoea kuita kila ukope unaokwaruza jicho kuwa ni vikope. Ugonjwa wa vikope ni adui wa kweli, na watu wa Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma wanamjua vizuri. Mwaka 1998 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuutokomeza. Lakini vikope huletwa na vijidudu, huanza utotoni, na makovu yake hukunja zaidi kigubiko cha juu. Maradhi tunayoyazungumza hapa hayaambukizi, hayana kovu, na hushika kigubiko cha chini. Kunawa uso na kumeza dawa, ambavyo ni silaha dhidi ya vikope, haviwezi kukaza kano iliyolegea. Hata upasuaji wa vikope ni tofauti na huu. Anayeyachanganya maradhi haya mawili humtibu mzee ugonjwa asiokuwa nao.

Tiba ya nyumbani inayojulikana ni kung'oa kope. Mjukuu humkalisha bibi yake juani na kuzing'oa moja moja. Nafuu hupatikana, lakini baada ya wiki chache kope huota tena, na zinapochomoza huwa fupi na kali. Plasta ya kukivuta kigubiko kuelekea shavuni na dawa ya kulainisha jicho husaidia wakati mgonjwa anangoja zamu yake. Haziondoi ubaya wenyewe.

Tiba ya kweli ni upasuaji, na upasuaji huu ni mdogo. Mgonjwa hachomwi sindano ya usingizi. Hutiwa ganzi palepale penye kigubiko, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njia nyepesi ni ya nyuzi chache zinazokigeuza kigubiko kitazame nje, iliyoelezwa na Quickert na Rathbun huko Marekani mwaka 1971. Huchukua dakika chache, ila baadaye maradhi huweza kurudi. Njia imara zaidi ni kukikaza kigubiko upande wa nje kwa kukishona kwenye ukingo wa mfupa, jinsi Anderson na Gordy walivyoandika mwaka 1979, pamoja na kuurudishia ule utando mahali pake. Kama upasuaji wowote, huweza kuleta damu, usaha au kigubiko kugeuka nje kupita kiasi; kwa hiyo mgonjwa hana budi kurudi kuangaliwa. Elimu hii, basi, ina umri wa nusu karne. Kinachokosekana ni kuifikisha kwa mzee.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu ni wachache, na kwamba mama na mtoto watangulie. Hatubishani na haki ya mama na mtoto. Lakini mzee anapopofuka, ni mtoto gani anayeshika fimbo ya kumwongoza? Mara nyingi ni yule mjukuu ambaye angekuwa darasani. Na ni nani anayelea wajukuu wakati wazazi wako shambani au mjini? Kumwokoa bibi ni kumwokoa mtoto pia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kupata matibabu. Lakini kufutiwa malipo ya dirishani hakulipi nauli ya basi, wala chakula cha anayemsindikiza. Ndiyo maana yafaa timu za macho zinazokwenda vijijini kwa ajili ya mtoto wa jicho zikague na vigubiko, na zibebe vifaa vya kuvishona. Muuguzi wa zahanati naye afundishwe jambo dogo: amwambie mzee afumbe macho kwa nguvu kisha afumbue, na atazame kama kigubiko kimeingia ndani, akivute kidogo, aone kama kinarudi upesi au kimelegea. Ukaguzi huo hauhitaji mtambo wala umeme. Akiona dalili, aandike barua ya rufaa siku hiyo hiyo, asingoje jicho liwe jeupe.

Sisi wengine nyumbani tunao wajibu wetu. Tuwatazame wazee wetu machoni. Tukiona machozi yasiyokauka na jicho jekundu upande mmoja, tusitie dawa za majani wala tusitafute mchawi. Tumpeleke mzee hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na konea ikishaingia kovu, ukuta huo ni mgumu sana kuujenga.