Mfamasia, usikodishe cheti

Muhimbili ilipoanza kufundisha wafamasia mwaka 1974, ilikuwa peke yake Tanzania. Leo vyuo vya Bugando, Mwanza, na St John's, Dodoma, navyo vinatoa wahitimu. Bidhaa ikijaa sokoni, bei hushuka. Serikalini mshahara ni wa ngazi na kuna pensheni, ila nafasi husubiriwa. Viwandani na kwa waagizaji wa dawa malipo ni mapatano, lakini milango ni michache. Yanabaki maduka. Sheria ya Famasi ya 2011 inataka famasi isimamiwe na mfamasia. Wapo wenye maduka wanaokodi cheti tu. Kodi hiyo si mshahara. Anayeipokea anaishusha bei ya wenzake wote, na mgonjwa anapimiwa dawa na asiyeijua. Kijana, uza kazi yako.